Zuhura ya Temeke, Mushtari ya Kinondoni

Temeke,
11 Februari 1949

Mwanangu Shomari,

Pokea salamu za shangazi yako aliyekulea. Sie huku wazima, ila goti langu la kulia ambalo siku hizi lina mambo yake peke yake. Mbuzi kazaa mapacha. Kule shamba la Chamazi nguruwe wameingia kwenye mihogo, wamekula wakashiba, wakalala palepale. Bwana Remtulla wa dukani, ambaye barua zako zinapitia sanduku lake la posta, anakusalimu, na mkewe Rubabbai anauliza huko Kibondo mnakula nini.

Sasa lile uliloniagiza. Nilikwenda Kinondoni kwa Bi Mwanabaraka kukuposea binti yake Tunu. Nikapokewa, nikapewa kahawa. Kahawa ilikuwa imepoa, lakini hayo tuyaache. Mie ni mtu wa taratibu, kwa hiyo kabla ya neno la mwisho nilipeleka majina yenu kwa Maalim Jamali atazame nyota. Kahesabu herufi za jina lako na la marehemu mama yako, kahesabu za Tunu na za mama yake. Wewe nyota yako ni Zohali, mwanangu, nzito na baridi. Yeye ni Mirihi, moto mtupu. Hazipatani. Mkioana itakuwa nyumba ya sahani kuruka.

Na usije ukadhani ni mambo ya ngoma. Watu watasema eti Bi Mwanaheri kakataa kwa sababu yeye ni Kwini wa chama cha Zuhura na Bi Mwanabaraka ni Kwini wa chama cha Mushtari, na vyama hivi havisalimiani tangu mwaka ule wa njaa. Waache waseme. Mie sina kinyongo na mtu. Kama Mushtari wanapenda kucheza lelemama kama watu waliokanyaga siafu, ni haki yao. Ni nyota tu, mwanangu. Nyota zimekataa.

Jifunike vizuri na baridi ya huko.

Mie shangazi yako,
Mwanaheri

&nbsp;

Shule ya Serikali, Kibondo,
20 Machi 1949

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Barua yako ilikaa Kigoma ikingoja lori, na lori lilikuwa likingoja daraja. Mimi sijambo. Hapa ni maharage asubuhi na maharage jioni, na samaki nimeanza kuwasahau sura. Wanafunzi wanaendelea vizuri. Mpe Bi Rubabbai jibu hilo la maharage, na goti pole nyingi.

Shangazi, nimesikitika sana kuona kwamba katika zama hizi jambo la maisha yangu limekatwa kwa kosa la elimu. Mwalimu mwenzangu Fransis ana darubini aliyoachiwa na padri, na mimi nafundisha somo hili darasani, basi niruhusu nikufundishe.

Ving'aavyo usiku si ukoo mmoja. Nyota ni moto. Inawaka yenyewe, kwa nguvu zake, nasi tunaiona ndogo kwa sababu ya umbali tu. Sayari haina moto wa kuonekana. Ni donge linalozunguka jua, na mwanga wake wote ni wa kuazima kwa jua. Washa kandili lako la uani, chukua chungwa, lishike mbele yake. Kandili ni nyota. Chungwa, upande ule unaong'aa, ni sayari. Ukitaka kuzitambua kwa macho, tazama juu: ile inayokonyezakonyeza ni nyota, ile inayokutolea macho bila kupepesa ni sayari. Tena nyota hukaa na majirani zake mwaka nenda mwaka rudi, kama Kilimia kile tunachopandia. Sayari huhamahama katikati yao, leo iko huku, mwezi ujao iko kule.

Sayari nazo zina makundi. Zile za mwamba, ndogo, zilizo karibu na jua, ni Utaridi, Zuhura, hii Dunia yetu na Mirihi. Zile kubwa mno za mbali ni Mushtari, Zohali na nyingine zisizoonekana bila darubini. Nyota zenyewe hupangwa kwa rangi: nyekundu ndizo zilizopoa kuliko wenzao, za njano ni za kati, nyeupe na za buluu ndizo kali kupita zote. Na jua, Shangazi, ni nyota tu kama nyingine, ya njano, ya wastani.

Sasa twende kwenye hoja. Zohali si nyota. Mirihi si nyota. Ikiwa si nyota, basi nyota yangu na ya Tunu haziwezi kukataana, maana hazikuwepo tangu mwanzo. Nakuomba urudi Kinondoni.

Ni mimi mwanao mtiifu,
Mwalimu Shomari

&nbsp;

Temeke,
2 Mei 1949

Mwanangu Mwalimu Shomari,

Marahaba. Pole na maharage. Mbuzi mmoja wa wale mapacha kafa, mwingine anakula nguo. Rubabbai kasema maharage yanataka nazi, na kama huko hakuna nazi basi Serikali imewakosea.

Barua yako niliipokea kwa furaha, nikaisoma mbele ya chama kizima. Si yote. Nilisoma pale pa rangi. Sare yetu Zuhura ni buluu, sare ya Mushtari ni nyekundu, na wewe umeandika kwamba nyekundu ni zilizopoa. Ee, wanawake walipiga vigelegele mpaka jirani akadhani kuna mtoto kazaliwa! Tukatunga na wimbo. Barua nikaifungia kwenye kasha, ufunguo nikauweka kiunoni.

Jumamosi iliyofuata kulikuwa na harusi Manzese, vyama vyote viwili tumealikwa. Tumeingia na buluu yetu, tumepasi mpaka inakata. Mushtari wakasimama. Hawakucheza. Mmoja kaleta kandili, mwingine kaleta chungwa. Chungwa kwa kandili, Shomari! Halafu wakaimba:

*Chungwa mbele ya taa lajiona ndiyo taa,*
*Zimeni taa jamani, tuone litavyong'aa!*

Na Bi Mwanabaraka akamaliza kwa kusema, kwa sauti ile yake ya kuuza togwa, kwamba Zuhura si nyota, ni sayari, inaishi kwa kuazima. Ukumbi mzima ukacheka. Nilitamani ardhi inimeze na goti langu.

Tangu hapo Temeke haikaliki. Kila mtu anampanga mwenzake. Jumbe kaitwa sayari hadharani, eti mwanga wake ni wa kuazima kwa Bwana Shauri wa bomani, na sasa anawatafuta waliosema. Jirani yangu kamwambia mumewe kuwa yeye ndiye sayari hasa, kwa kuwa usiku anahamahama kwenye nyumba za watu. Bwana Remtulla kaniuliza kwa upole mfanyabiashara yuko kundi gani. Nikamwambia wewe unatuuzia buluu sie na nyekundu wao, wewe ndiye mwenye mbingu. Kafurahi sana.

Sasa nakuuliza, nani kawapa Kinondoni kandili na chungwa? Barua iko kashani.

Na la Tunu, mwanangu, nitakwambia wazi maana nimechoka kumsingizia Maalim. Harusi inafanyika kwa bibi harusi, na chama cha mama yake ndicho kinachocheza. Mtoto nimemlea mie, nimemtia tohara mie, nimemsomesha mie. Siku yake ya furaha wacheze Mushtari, na mie niketi mkekani niletewe pilau kama mgeni? Wakiimba ule wimbo, nani atasimama kunijibia? Nimelia, Shomari, na sikulia hata nilipofiwa na mume.

Shangazi yako,
Mwanaheri

&nbsp;

Kibondo,
10 Juni 1949

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Pole kwa mbuzi. Mimi nilipata homa kidogo, imepita. Mvua zimekatika na mbingu ya huku usiku ni safi ajabu.

Habari za Manzese zimenihuzunisha. Mimi kwa kweli sielewi Kinondoni wamepata wapi mfano ule. Huenda ni mfano unaojulikana na watu wote. Kuhusu Mfaume, kaka yake Tunu, ambaye anafanya kazi kwenye treni, ni kweli nilikutana naye Kigoma wakati wa Pasaka, lakini tulizungumza habari za mpira tu, na kidogo habari za machungwa, kwa kuwa alikuwa nayo.

Lakini usivunjike moyo. Waliosema Zuhura ni sayari hawakumaliza somo. Mushtari nayo ni sayari! Ni kubwa, nakubali, kubwa kupita zote, na ina miezi yake inayoizunguka. Lakini moto wa kuonekana haina hata wa kuwashia sigara. Nayo inaazima kwa jua lilelile.

Tena Zuhura ina sifa ambayo Mushtari haina. Mwanzoni mwa mwaka huu ilikuwa ikionekana alfajiri, kabla ya jua. Sasa imehamia magharibi, na kila jioni itapanda zaidi. Wazee wa zamani walidhani ni mbili, ya jioni na ya alfajiri. Ni moja. Haiwezi kukaa katikati ya usiku, ila hufungua giza au hulifunga.

Tunu ananiandikia kwamba hali chakula. Nami silali. Tafadhali, Shangazi.

Mwanao,
Mwalimu Shomari

&nbsp;

Temeke,
9 Agosti 1949

Mwanangu,

Marahaba. Ramadhani imekwisha salama, nimefunga yote, goti halikufunga hata moja. Idi tumekula vizuri. Bwana Remtulla kaleta sinia la tambi, na sinia moja kama hilo kapeleka Kinondoni. Yeye haachi kitu.

Kwanza kabisa. Mie sikumtaja Mfaume. Soma tena barua yangu, jina lake halimo. Umemtaja wewe, ukamtajia na machungwa. Basi, sisemi zaidi.

Habari ya Mushtari kuwa sayari niliituma Kinondoni siku ileile, kwa muuza maziwa, maana yeye hasahau neno. Huko kukawa kama kuna msiba. Na kwa kuwa ulisema jua nalo ni nyota, chama changu kikaamua tubadilishe jina, tuwe chama cha Jua. Bwana Remtulla alikuwa tayari kaagiza kitambaa cha rangi ya machungwa kabla hata hatujamwambia.

Nikaenda bomani kuomba kibali. Nani nimkute kwenye benchi? Bi Mwanabaraka, kaja kuomba jina hilohilo. Tukakaa, yeye ncha ile mie ncha hii, katikati askari kalala. Tukaitwa pamoja. Karani mmoja kijana, mwenye kalamu tatu mfukoni na hata moja haina wino, kasimama akasema jina la Jua haliwezi kutolewa kwa Wenyeji. Tukauliza kwa nini. Kasema jua ni la Milki ya Mfalme, na kwenye Milki ya Mfalme jua halichwi, lakini kibali cha ngoma kinakwisha saa nne za usiku. Sasa itakuwaje, kasema, Jua la Kinondoni lichwe saa nne na la Mfalme linawaka? Ni fujo.

Mwanabaraka kanitazama. Mie nikamtazama. Wallahi tulicheka mpaka askari akaamka akatupigia saluti. Tumetoka pale tumeshikana mikono ili tusianguke. Njia nzima tukazungumza, kumbe naye goti linamsumbua, la kushoto.

Basi tumepatana hivi. Harusi ikiwa ni yako na Tunu, Zuhura tutafungua alasiri hadi magharibi. Mushtari watachukua usiku, kwa kuwa ni wakubwa na wana miezi. Na alfajiri ya pili, bibi harusi akitolewa, tunarudi Zuhura kufunga. Mwanabaraka kanuna kidogo kwamba sie mara mbili, nikamwambia ndivyo mbinguni ilivyo, kamuulize mkweo.

Limebaki moja. Wanawake wangu wameumizwa. Walipokuwa wakitembea sokoni wameonyeshwa machungwa. Hawatatia mguu Kinondoni mpaka maneno yaliyotoka kwako yarudi kwako. Uandike kwa mkono wako, Mwalimu Shomari wa Shule ya Serikali, kwamba Zuhura ni nyota. Nitaisoma mbele ya vyama vyote viwili. Ikija, posa inapita. Isipokuja, basi.

Shangazi yako,
Mwanaheri

&nbsp;

Kibondo,
4 Septemba 1949

Shangazi,

Shikamoo. Nimeona furaha kuu kwa mapatano yenu, na huzuni kuu kwa sharti lake.

Siwezi. Kila Jumatatu nasimama mbele ya watoto hamsini na kuwaambia Zuhura ni sayari. Nimemtandika mmoja kwa kusema ni nyota. Nikiandika unavyotaka, Jumatatu nitamtazama vipi yule mtoto? Mwalimu akishaanza kubadilisha mbingu kwa ajili ya harusi, kesho atabadilisha hesabu kwa ajili ya pilau. Niombe jambo lolote jingine. Nitaandika kwamba Zuhura ndiyo inayong'aa kupita sayari na nyota zote za usiku, na hilo ni kweli tupu. Nitaandika ni nzuri. Nitaandika mara tatu.

Lakini nyota, hapana.

Mwalimu Shomari

&nbsp;

Temeke,
25 Septemba 1949

Shomari,

Hukuniuliza hali, nami sikuambii.

Vyama vimeikataa hiyo ya nzuri mara tatu. Na lingine. Yule karani wa bomani, wa kalamu tatu, kaleta posa kwa Tunu. Karani hana ubishi wowote. Kamwambia Bi Mwanabaraka kwamba Mushtari ni nyota, Zuhura ni nyota, na hata kandili la mlangoni likitaka litakuwa nyota, yeye ataligongea muhuri. Watu wanampenda sana. Bi Mwanabaraka atatoa jibu mwezi ujao ukiandama.

Tunu alikuja kwangu. Kakaa jikoni, kanimenyea vitunguu vyote akilia, kasingizia vitunguu. Nikamwuliza nikuandikie nini. Kasema, "Mwambie mie sijali ni nyota wala ni sayari. Nimemngoja tangu aende huko. Kama anapenda kuwa sahihi kuliko kurudi, aniambie mapema, nimwoe huyo mwenye muhuri nipumzike." Nikamwambia mwanamke haoi, anaolewa. Kasema kwa karani yule ataoa yeye.

Umpige mtoto wa watu kwa ajili ya Zuhura, mwanangu? Mwombe radhi.

Mwanaheri

&nbsp;

SIMU. KIGOMA, 19 OKTOBA 1949

BI MWANAHERI KWA REMTULLA TEMEKE. ZUHURA NI NYOTA. MUSHTARI NI NYOTA. KARANI SI KITU. MTOTO NIMEMWOMBA RADHI. NAPANDA TRENI. SHOMARI.

&nbsp;

Temeke,
20 Oktoba 1949

Mwanangu Shomari,

Barua hii anayo Mfaume, atakukabidhi stesheni ya Tabora mkipishana. Nimemwambia azungumze nawe habari za mpira tu.

Simu yako imefika jana. Bwana Remtulla kaileta mwenyewe mbio, kavua viatu mlangoni, nusu kanzu kavaa nusu hakuvaa. Nimeisoma uani kwangu, Zuhura upande huu na Mushtari upande ule. Vikapigwa vigelegele. Mwanabaraka kanikumbatia, tumeyumba wote wawili maana magoti mabovu yalikutana. Jumbe naye kaja kuuliza kama unaweza kumwandikia na yeye. Karani kapewa jibu lake, kalipokea kwa heshima, kauliza kama kibali cha ngoma kinatakiwa. Na Tunu? Kala ubwabwa sahani mbili, kaomba ya tatu.

Kwa hiyo njoo. Siku imepangwa, buluu imepasiwa.

Sasa hili ni lako peke yako, ulisome ukishalisoma ulichane. Ramadhani ile nzima nilikuwa nafuturu nje uani, nimekaa kwenye kibao changu. Kila magharibi Zuhura yenyewe ilikuwa pale, juu ya paa la msikiti, kubwa, nyeupe. Niliikazia macho mpaka yakanitoka machozi, nikiiomba ikonyeze japo mara moja tu, nikusute. Nyingine zote zikakonyeza. Yenyewe ikanitolea macho mwezi mzima, na kila nikiangalia imehama.

Kwa hiyo nilijua, Shomari. Nilijua kabla sijakutia kwenye lile sharti. Lakini tangu uende shule kubwa hujawahi kukosea mbele yangu hata mara moja, na nilitaka kuona kama yupo mtu duniani ambaye kwa ajili yake ungekubali kukosea. Nimemwona, yuko jikoni anaosha sahani.

Ni sayari, mwanangu. Sayari kabisa. Ukifika usimwambie mtu.

Shangazi yako,
Mwanaheri